Safu ya Arobaini na Tatu

Programu ninayotaka kuizungumzia inakokotoa joto na mwendo wa maji ya Ziwa Tanganyika. Iliandikwa kwa Fortran, lugha ya programu ya hesabu za kisayansi, na watu walionitangulia, nami nilikabidhiwa kuitunza kwa sababu hapa Kigoma mtu akishajulikana kuwa anaandika programu huletewa kila chenye msimbo ndani yake, kuanzia mashine ya risiti ya duka la Mwanga hadi hesabu za ziwa zima. Sikuwahi kuilalamikia. Ilikuwa programu ya kizamani, yenye adabu, inayomeza faili la upepo asubuhi na kutoa majibu jioni.

Ziwa lenyewe lina urefu wa kilometa 670 hivi na kina kinachofika mita 1,470. Kwa kuwa limelala kwa mshazari, walioandika programu waliligeuza kidogo kwenye ramani, kisha wakalikata katika visanduku vya kilometa moja kwa kilometa moja: 700 kwa urefu, 150 kwa upana, na matabaka 60 kwenda chini. Hivyo ni visanduku 6,300,000. Kila kinachofuatiliwa, iwe joto, chumvi au kasi ya maji kuelekea kaskazini, kina safu yake ya namba za baiti 8, na safu moja inachukua baiti 50,400,000. Safu zilikuwa 42, zote zimetangazwa moja kwa moja ndani ya moduli kwa ukubwa usiobadilika, kama walivyozoea watu wa zamani. Jumla yake ni baiti 2,116,800,000.

Siku moja mzee anayesimamia kazi hii aliomba tuongeze oksijeni. Lilikuwa ombi la haki kabisa, kwani katika ziwa hili maji ya chini ya mita mia moja hadi mia mbili hivi hayana oksijeni, na bila kuujua mpaka huo huwezi kusema lolote la maana kuhusu mahali migebuka na dagaa wanapoweza kukaa. Niliongeza safu moja, ya arobaini na tatu, nikaamuru programu ijengwe upya, nikaenda kunywa chai. Niliporudi nilikuta linka, yaani ile programu inayounganisha vipande vilivyokwisha kukompailiwa kuwa faili moja, imejaza skrini kwa malalamiko ya aina moja: relokesheni, yaani nafasi za anwani ambazo linka huzijaza, za aina ya R_X86_64_PC32 zimekatwa kwa sababu hazikutosha mahali pake.

Kilichonipotezea siku nzima ni kwamba malalamiko hayo hayakutaja safu ya oksijeni hata mara moja. Yalitaja vipande vya ndani ya maktaba ya Fortran yenyewe, ile inayoshughulikia kusoma na kuandika mafaili, ambayo sijawahi kuigusa. Nikadhani maktaba imeharibika. Nikaifuta, nikaisakinisha upya kwa bando la simu, nikapata malalamiko yale yale neno kwa neno.

Mzee alipita akauliza, "Bwana mdogo, ziwa halijaongezeka ukubwa. Programu imekataa nini?"

"Mzee, ziwa ni lile lile. Naona daftari ndilo limejaa."

Nilijibu hivyo kumridhisha tu, lakini nilipokokotoa baadaye niliona kuwa nilikuwa nimegusa jambo lenyewe. Safu 43 ni baiti 2,167,200,000. Mbili kwa kipeo cha 31 ni 2,147,483,648. Tulikuwa tumevuka mpaka kwa safu moja.

Mpaka huo unatoka wapi, wakati prosesa ni ya biti 64 na programu ya kawaida kwenye Linux ina nafasi ya anwani ya terabaiti 128? Unatoka kwenye ahadi ambayo kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, huitoa bila kutuuliza. Ukifungua faili la objekti, yaani kipande kilichokompailiwa lakini hakijaunganishwa, kwa zana ya objdump, mwito wa kawaida wa funksheni utauona hivi: baiti e8, ikifuatwa na baiti nne za sifuri. Sifuri hizo ni nafasi iliyoachwa ili linka ijaze umbali kutoka hapo hadi funksheni ilipo. Umbali, si anwani. Baiti nne zenye alama ya kujumlisha au kutoa zinafika gigabaiti 2 mbele au gigabaiti 2 nyuma, basi. Data nayo husomwa kwa mtindo huo huo. Ni sawa na kumwelekeza mgeni aliyesimama sokoni Mwanga kwa kumwambia aende nyumba ya tatu kushoto: maelekezo mafupi, ya haraka, na sahihi mradi anakokwenda kuwe mtaa ule ule.

Ahadi hiyo ndiyo huitwa modeli ya msimbo. Mwongozo wa ABI wa System V kwa x86-64, yaani kanuni za jinsi vipande vya programu vinavyoungana kwenye prosesa hizi, unazitaja kadhaa. Ya kwanza, small, ambayo kompaila huichukua usipoiambia kitu, inasema kwamba msimbo na data zote za faili linalounganishwa zitakaa ndani ya gigabaiti 2. Medium inasema msimbo utakaa ndani ya mpaka huo lakini data kubwa inaweza kuwa popote, na kwa hiyo kila kitu kinachozidi kizingiti, ambacho kwenye GCC, kompaila ninayoitumia, ni baiti 65,535 usipokibadilisha, huwekwa katika sehemu za pekee zinazoitwa .ldata, .lbss na .lrodata. Large haiahidi chochote: kila anwani huandikwa kamili kwa baiti nane. Ipo pia ya kerneli, ambayo huishi gigabaiti 2 za mwisho kabisa za anwani, lakini hiyo si ya kwetu.

Wenye umri wa kuikumbuka Turbo C, kompaila ya enzi za DOS, watatabasamu hapa. Kwenye 8086, prosesa ya mwaka 1978, kipande kimoja cha kumbukumbu kilikuwa kilobaiti 64, na modeli ziliitwa kwa majina yanayofanana na haya, zikiwamo small, medium na large, karibu kila moja ikihitaji nakala yake ya maktaba. Miaka imepita, mpaka umetoka kilobaiti 64 hadi gigabaiti 2, na mtego haujabadilika hata umbo: faili moja linaamini jambo ambalo jirani yake haliamini.

Kwa nini basi lawama iliangukia maktaba na si safu yangu? Kwa sababu ya mpangilio. Sisi tulikuwa tunaiunganisha maktaba ya Fortran ndani ya programu, kwa -static-libgfortran, ili faili moja liweze kubebwa kwa flash hadi kwenye kompyuta za wenzetu ambazo hazina Fortran. Linka hupanga vigeu visivyo na thamani ya kuanzia katika sehemu ya .bss kwa kufuata mafaili yalivyotajwa, na maktaba hutajwa mwisho. Safu zangu 43 zilipanga foleni mbele, vigeu vidogo vya maktaba vikasukumwa nyuma hadi vikavuka gigabaiti 2, na msimbo wa maktaba, uliokompailiwa na watu wa mbali kwa modeli ya small, haukuweza tena kuvifikia. Mwenye kosa alikuwa amekaa kwa starehe ndani ya mpaka, aliyelalamika alikuwa aliyesukumwa nje.

Nilifanya ambalo naamini wengi hufanya, nikaandika -mcmodel=large kwenye Makefile, faili lenye maagizo ya kujenga programu, kwa hoja kwamba kubwa hushinda. Malalamiko hayakupungua hata mstari mmoja. Nilikuwa na GCC ya kabla ya toleo la 14, na katika matoleo hayo modeli ya large iliubadilisha msimbo wangu uweze kufika mbali lakini haikuzihamisha safu; ziliendelea kukaa ndani ya .bss ile ile na kuisukuma maktaba ile ile. Tena gharama niliilipa. Mwito uliokuwa baiti 5 ukawa jozi ya 48 b8, kisha baiti nane za anwani, kisha ff d0: jumla baiti 12, na prosesa ikawa inaruka kupitia rejista badala ya kwenda moja kwa moja. Nililipa nauli ya kwenda Kalemie, ng'ambo ya ziwa, kwa safari ya kwenda Gungu, hapa hapa mjini, na bado sikufika.

Nilipoibadilisha kuwa -mcmodel=medium, ilikubali mara moja. Sababu ni ile ile ya mpangilio. Safu zilihamia .lbss, ambayo linka huiweka baada ya .bss, na vigeu vidogo vya maktaba vikarudi karibu na msimbo wao bila mtu yeyote kuikompaili maktaba upya. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa swali langu lilikuwa limekosewa tangu mwanzo. Nilikuwa nauliza modeli ipi ina nguvu zaidi, wakati swali lenye faida ni data ipi iko kwenye njia ya nani ndani ya faili moja lililounganishwa.

Nasisitiza maneno hayo, faili moja lililounganishwa, kwa sababu hatua iliyofuata ndiyo iliyonifundisha uzito wake. Wanafunzi wawili waliokuwa wakifanya kazi na mzee walitaka kuziita hesabu za ziwa kutoka Python, na kwa hiyo programu ilipaswa kugeuzwa kuwa maktaba shirikishi, faili la .so linalopakiwa wakati wa kuendesha. Nilisita. Niliwaza kwamba kama ndani ya faili moja tu gigabaiti 2 zimetutesa hivi, basi Python ikiwa upande huu na maktaba upande ule bila shaka tutahitaji large kila mahali. Nikaendesha jaribio dogo na kusoma /proc/PID/maps, orodha ya Linux ya mahali kila faili lilipopakiwa kwenye kumbukumbu. Programu ilikuwa imepakiwa kwenye anwani zinazoanzia 0x55, maktaba kwenye anwani zinazoanzia 0x7f, na kati yao terabaiti arobaini na ushee, zaidi ya mara 20,000 ya mpaka wa modeli ya small. Na bado zote mbili zilikuwa za small, zikiitana bila taabu.

Siri iko bandarini. Mtu wa Kigoma mwenye mzigo wa kwenda Kalemie haulizi ni nyumba ya ngapi kushoto. Anakwenda kwa wakala aliye hapa hapa bandarini, na wakala ndiye mwenye kitabu chenye anwani kamili. Kila maktaba shirikishi ina kitabu chake, jedwali linaloitwa GOT, lenye nafasi ya baiti nane kwa kila kitu cha nje, na mlango wake wa funksheni, PLT. Msimbo uliokompailiwa kwa -fPIC, yaani uweze kupakiwa kwenye anwani yoyote, unaruka hatua fupi hadi kwenye jedwali la faili lake wenyewe, hatua ambayo baiti nne zinaitosha, kisha unasoma humo anwani kamili iliyoandikwa na kipakiaji, programu inayopakia maktaba kwenye kumbukumbu. Kwa hiyo umbali kati ya maktaba na maktaba hauhusiki kabisa na modeli. Modeli inatawala kilichomo ndani ya kila faili, na kila .so inaweza kuchaguliwa ya kwake: maktaba ya ziwa ikawa medium pamoja na -fPIC, na nyingine zote zikabaki small kama zilivyotoka kwa waliozitengeneza.

Hii pia ndiyo sababu ushauri wa kuiacha maktaba ya Fortran iwe shirikishi hutatua tatizo la mwanzo kwa njia nyingine. Ikiwa .so, vigeu vyake husafiri nayo, nje ya faili langu, na safu zangu hazina wa kumsukuma. Kompaila ya Fortran ya Intel inalitaka jambo hili waziwazi: ukitumia medium au large, maelezo yake yanakuagiza uongeze -shared-intel.

Lakini mpaka kati ya maktaba una tundu moja, nami nilitumbukia humo. Mmoja wa wale wanafunzi, dada mwenye bidii, alitaka kuandika kijaribio kwa C badala ya Python. Akatangaza safu ya joto kwa extern, neno la C linalosema kigeu kiko faili jingine, akaiunganisha na maktaba yangu, ikafanya kazi. Akaongeza nyingine, na nyingine, hadi zote, na siku hiyo akaniandikia: "Kaka, faili langu lina mistari arobaini na limekataa kuungana kwa kosa lile lile lako la mwaka jana. Safu ziko kwako, mimi nimekosa nini?"

Hakukosa kitu. Programu kuu, tofauti na maktaba, mara nyingi hukompailiwa kwa dhana kwamba kila kigeu kiko ndani yake yenyewe, kwa hiyo kompaila iliandika njia fupi ya baiti nne kuelekea safu iliyo ng'ambo. Linka, badala ya kukataa, huiokoa hali kwa hila inayoitwa relokesheni ya kunakili: hutenga nafasi ya ukubwa ule ule ndani ya .bss ya programu, huagiza kipakiaji kinakili yaliyomo humo wakati wa kuanza, na kuilazimisha hata maktaba yenyewe itumie nakala hiyo. Kwa safu moja huwezi kugundua. Kwa safu 43, gigabaiti 2 nilizozihamishia kwangu kwa shida zilikuwa zimerudi kwenye programu yake ya mistari arobaini, iliyokompailiwa kwa small. Hila hiyo ina ubaya mwingine: ukubwa hugandishwa siku ya kuunganisha, na nikibadilisha matabaka kutoka 60 kuwa 80 ndani ya maktaba, programu yake itabaki na kipimo cha zamani, na kipakiaji kitatoa onyo tu kwamba ukubwa wa jina hilo haufanani, kisha kitaendelea.

Tangu GCC 12 ipo amri ya kuizuia hila hiyo, -mno-direct-extern-access, lakini dawa niliyochagua ni ya kizamani zaidi. Niliondoa safu zote kwenye orodha ya majina yanayoonekana nje ya maktaba, nikaweka funksheni inayorudisha kielekezi. Kielekezi ni baiti nane. Hakijali ng'ambo ni mbali kiasi gani, na hakuna wa kukinakili kwa makosa. Kwa maoni yangu data kubwa haipaswi kamwe kuvuka mpaka wa maktaba kwa jina lake, na nikisoma maktaba ya mtu nikaona safu ya megabaiti hamsini imetangazwa hadharani kwa extern, huwa najua siku za huyo mtu zinahesabika.

Nikiri na uzembe wangu, maana si yote yalikuwa ya kompaila. Katika ile programu ya kwanza kulikuwa na faili moja la C, la kusoma upepo, lenye kanuni yake ya kujengwa peke yake kwenye Makefile, nami nilisahau kuliwekea medium. Lilitumia safu mbili zilizokuwa .lbss kwa njia fupi za small, na likaungana bila neno, kwa sababu kwa bahati safu hizo zilikuwa za mwanzo kabisa na zilifikika. Miezi kadhaa baadaye nilipanga upya orodha ya mafaili kwa alfabeti, kwa usafi tu, safu zikahamia mwisho, na kosa likarudi siku ambayo sikuwa nimebadilisha hata herufi moja ya msimbo. Tangu hapo bendera ya modeli iko mahali pamoja tu kwenye Makefile, na kizingiti sikigusi, kwa kuwa maelezo ya GCC yenyewe yanataka kiwe kimoja kwa mafaili yote yanayoungana.

Mwisho wa medium ulikuja na kompyuta ndogo yenye prosesa ya ARM, iliyoletwa kwa kuwa inakula umeme kidogo na kwetu hilo si jambo dogo. Kwenye AArch64 GCC haina medium kabisa. Small ya huko inafika gigabaiti 4, kwa jozi ya amri inayoanza na adrp, na large yake haikubali kuambatana na -fPIC, kwa hiyo maktaba shirikishi huwezi kuijenga nayo. Kwa safu 43 gigabaiti 4 zingetosha, lakini mzee alikwisha kuanza kuzungumzia virutubisho, na nilijua hesabu inakoelekea.

Nikafanya lililopaswa kufanywa tangu siku ya oksijeni. Nilizigeuza safu zote ziwe allocatable, zitengewe nafasi wakati programu inapoanza, kutoka katika ile terabaiti 128 ambayo siku zote ilikuwa wazi na sisi tukibanana mlangoni. Kazi ilikuwa ya siku mbili, nyingi za kuhakikisha hakuna funksheni inayogusa safu kabla haijatengewa. Hofu ya wenzangu kuhusu kasi haikuwa na msingi katika msimbo wa namna hii: kompaila husoma anwani ya mwanzo wa safu mara moja, huiweka kwenye rejista, kisha huingia kwenye kitanzi cha visanduku milioni sita bila kuiuliza tena. Bendera ya -mcmodel niliifuta. Nilipoendesha readelf -SW, inayoorodhesha sehemu za faili, juu ya maktaba mpya, .lbss haikuwapo, na .bss ilikuwa ya kilobaiti chache.

Wiki iliyofuata mzee alileta karatasi yenye majina matano ya kuongeza, akaiweka mezani kwa uangalifu wa mtu anayejua alichokifanya mara ya mwisho, akauliza nahitaji siku ngapi. Nikamwambia asubiri chai iive.